Mkwe Haingii Dukani

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi na Lugano tulikuwa tumekificha kikohozi chetu nyuma ya shelfu za vitabu tangu msimu wa kuvuna mpunga, na tukajiona wajanja wa Kyela nzima. Laiti ningejua kwamba kitafumuka Jumamosi asubuhi, duka likiwa wazi na baba yake mzazi akiwa ndani, ningekwenda zangu sokoni kuchagua ndizi, nikarudi jioni mambo yakiwa yamepoa.

Duka lenyewe ni la Bi Halima Mansuri. Anayo matatu: hili letu la Mbugani hapa Kyela, la Tukuyu na la Mbeya. Babu yake alikuja huku kutoka Pwani akiuza kanga, yeye akageukia vitabu kwa maelezo kwamba kanga huchuja. La Mbugani nalisimamia mimi, Tusekile. Lugano aliletwa kuyaunganisha maduka yote matatu kwenye mtandao, ili mtu aliye Talatala au Matema aone kwenye simu yake kitabu anachokitaka kipo duka gani, akiagize, kisha achague kuja kukichukua mwenyewe au kuletewa na bodaboda. Kazi hiyo ilimtaka ashinde dukani kwangu akihesabu vitabu. Alivihesabu polepole sana. Kila nikiinua macho nilimkuta ameshika kitabu kilekile, ananitazama mimi.

Mteja wetu mkubwa alikuwa baba yake, mwalimu mstaafu wa Busale. Wote tulimwita Mwalimu. Alikuja kwa baiskeli kila Jumatano na Jumamosi, akaketi kwenye kigoda katikati ya shelfu ya historia na ya kamusi, akafungua kitabu katikati kabisa, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Ukimpendeza, alinunua. Usipompendeza, alikirudisha mahali pake na kukiomba radhi kama mtu. Nilimpenda mzee yule kabla sijampenda mwanawe, nisiseme uongo.

Jumamosi hiyo aliingia akijifuta jasho.

"Ugonile, binti wa vitabu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo simu yenu imeuza nini leo?"

"Kuna mtu wa Ipinda kaagiza kamusi. Anakuja kuichukua mchana."

"Kama anakuja, alikuwa anaagiza nini sasa?"

"Anahakikisha ipo, Mwalimu, asije akapoteza nauli bure."

Akalitafuna hilo neno kidogo. "Hapo pana akili kidogo," alisema. "Lakini kununua kitabu kwa picha ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Unaonyeshwa jalada, ndani hujui kuna nini. Mimi nisipofungua katikati siwezi. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Nikacheka. Yeye akaketi, akafungua kitabu chake, akasoma mistari miwili, kisha akakishusha magotini.

"Nina ombi, binti. Huyu mwanangu Lugano umri unakwenda. Mama yake anamtafutia mke huko Talatala. Mimi namtaka msomaji. Wewe wasomaji wote wa wilaya hii unawajua. Nitafutie mkwe."

Nilikuwa nimebeba rundo la vitabu vya darasa la nne. Sijui vilibakije mikononi mwangu. Nilitamani kucheka, nilitamani kulia, na nilitamani sana Lugano asitokee wakati ule. Akatokea. Aliingia na maboksi mawili yaliyoshushwa kwenye basi la kosta kutoka Tukuyu, shati limemganda mgongoni, tabasamu limejaa uso mzima. Alikuwa amesikia.

"Baba, usimsumbue mwenzio," alisema huku akitua maboksi. "Mkwe umeshampata. Ndiye huyo unayezungumza naye."

Msomaji wangu, kama wewe si wa kwetu utasema hilo ni jambo la heri, mzee aliamka akamkumbatia mkwe, wakanywa soda. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kona. Ndiyo heshima yenyewe, na huanza siku uchumba unapotajwa. Kwa hiyo mwenye akili humtuma mjomba kwenda kumnong'oneza baba nyumbani, taratibu, kila mtu akiwa kwake. Lugano, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam miaka yote ile, aliutaja uchumba katikati ya duka, baba kwenye kigoda na mimi hatua chache mbele yake.

Mwalimu alijifunika uso kwa kitabu. Mimi nilitupa vitabu vya darasa la nne na kuchuchumaa nyuma ya kaunta.

"Lugano," mzee alisema kutoka nyuma ya kitabu, "mlango uko wapi?"

"Mbele yako, baba. Pita tu."

"Nipite wapi? Mlango uko pembeni ya kaunta."

Na kaunta ilikuwa na mimi. Bi Halima akatoka stoo mbiombio kuona kulikoni. Akamkuta mwalimu mstaafu amejifunika kitabu, msimamizi wake yuko sakafuni, na fundi wake wa mtandao amesimama mdomo wazi.

"Kuna nyoka?" aliuliza.

"Kuna mkwe," nikajibu kutoka chini.

Bi Halima amezaliwa Kyela, hakuhitaji maelezo zaidi. Alivua mtandio wake wa juu, akaukunjua mbele ya kaunta kama pazia, akamwambia Lugano amshike baba yake mkono. Mwalimu akapita akipapasa, akagonga boksi, akaliomba radhi. Mlangoni akakiweka kile kitabu juu ya shelfu kwa uangalifu.

"Bi Halima," alisema akiwa amegeukia barabarani, "mwambie muuzaji wako sikumwona."

Kisha nikasikia kengele ya baiskeli ikienda zake. Wateja waliokuwa mlangoni walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, hadi Jumatano ilipofika kigoda kikabaki kitupu.

*

Alhamisi alikuja Mama Lugano. Mama mkwe hana mwiko na mtu, kwa hiyo aliketi kwa nafasi, akapokea chai, akashukuru, "Ndaga, mwanangu," akainywa yote ndipo akasema.

"Mwalimu amekataa."

"Amenikataa mimi, mama?"

"Wewe? Anakusifu mpaka masikio yananiuma. Lakini anasema wasichana wema ni wengi, na duka la vitabu ni moja. Ukiolewa na Lugano yeye haingii tena humu mpaka afe. Tangu Jumamosi anazunguka uwanjani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Jana alisoma maandishi ya mfuko wa mbolea, pande zote mbili."

"Kwa hiyo anatakaje?"

Akakitazama kikombe. "Anasema uchague. Uache duka, au umwache mtoto wangu."

Nilitaka kucheka kidogo kwa ajili ya ule mfuko wa mbolea, lakini nikajikuta nazitazama shelfu. Duka lile nilianza kulifagia nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Nilijua harufu ya kila shelfu. Na Lugano nilimpenda, nikilala namwona, nikiamka namwona. Mtu hachagui mguu upi akatwe.

"Mimi nakutaka wewe," Mama Lugano alisema akiinuka. "Lakini nalala na Mwalimu."

*

Jumapili tulikwenda Matema, mimi na Lugano, kupeleka vitabu vilivyoagizwa na walimu wa huko. Tulikabidhi, tukalipwa shukrani na mihogo ya kuchoma, kisha tukateremka ufukweni. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Livingstone imesimama pembeni, watoto wanaoga. Siku nyingine ningesema ni mahali pa kuambiwa maneno matamu. Siku hiyo tuligombana.

"Nenda duka la Tukuyu," Lugano alisema. "Bi Halima atakubali. Baba atarudi Mbugani, nasi tutaoana. Kila mtu atafurahi."

"Nani aliropoka?"

"Mimi."

"Na nani anahama?"

Akachukua jiwe akalirusha majini.

"Basi tuiache hiyo mila," alisema. "Baba ni mzee wa kanisa. Mchungaji atazungumza naye. Hayo ni mambo ya kale, Tuse."

"Ya kale ndiyo, na ni yake. Nikiingia kwenye ukoo wenu kwa kumvunjia mzee heshima yake, nitaitwa nani? Hapana, Lugano. Yeye ananikimbia kwa sababu ananiheshimu. Hajanikimbia kwa chuki."

"Mbona unamtetea anayetutenganisha?"

"Kwa sababu namwelewa. Na mimi pia nisingependa kunyang'anywa lile duka."

"Kwa hiyo umelichagua duka."

"Sijachagua kitu."

"Umechagua, Tusekile."

Alinitaja jina zima. Hakuwa amewahi kuniita jina zima tangu anipende. Akanigeuzia mgongo, nikamgeuzia wangu, tukakaa hivyo kama watu wasiojuana. Machozi yalikuwa yananitoka na mhogo bado uko mkononi. Nilijua tukipanda gari la kurudi hali ikiwa hivi, basi imekwisha, na nitaolewa na shelfu.

Mbele yetu mama mmoja mfinyanzi, wa kabila la Wakisi, alikuwa anapanga vyungu kwenye tenga la mwenye pikipiki. Vyungu vyao hununuliwa kwa kugongwa: unagonga kwa kidole, kikilia vizuri kizima, kikilia vibaya kina ufa.

"Huyo mteja wako wa Ipinda hakuja kugonga mwenyewe?" dereva aliuliza.

"Kanipigia simu, mguu unamuuma," alijibu mama. "Mpelekee vyote vitatu avigonge kwake. Kitakachomlilia achukue, vingine urudi navyo."

Nikageuka. "Lugano, baba yako anaukatalia mtandao kwa nini?"

"Si unajua. Hawezi kufungua kitabu katikati."

"Kwa hiyo hana ugomvi na simu. Ana ugomvi na jalada."

Naye akageuka. Macho yalikuwa mekundu, kumbe na yeye alikuwa analia, mwanaume mzima mwenye ndevu. Nilimpenda upya.

"Tumpelekee hapo katikati," nikasema. "Kila kitabu kinachoingia dukani, tukipige picha ukurasa wa katikati, tuuweke mtandaoni chini ya jalada. Asome. Akiupenda, kitabu kiende Busale kikagongwe. Kisipomlilia, kirudi. Mimi nabaki dukani, yeye haingii, wala hakosi kitabu."

Lugano alinitazama muda mrefu. "Ndiyo maana nilikuwa nahesabu polepole," alisema.

Nikampa nusu ya mhogo wangu.

*

Bi Halima alitusikiliza akiwa amekunja mikono.

"Watu wachukue vitabu nyumbani, wasome, warudishe? Vitarudi na mafuta ya samaki mbasa."

"Chenye mafuta kimeshanunuliwa," nikasema. "Kinachorudi kisafi tunakipokea. Na arudishe duka lolote. Aliyeagiza Kyela akienda Mbeya, akiache Mbeya."

"Na atakayekuja kuchukua mwenyewe bila kutaka kuingia ndani? Tuseme ana mkwe wake ndani." Aliuma mdomo asicheke.

"Tutoboe dirisha ubavuni," alisema Lugano, "upande wa kijiwe cha bodaboda. Aliyeagiza kwa simu anachukua dirishani."

Mfanyabiashara hafichiki. Niliona macho ya Bi Halima yakianza kupima ule ukuta. Likabaki swali moja, nalo lilinikosesha raha: oda za simu ninazijibu mimi. Je, mkwe anaruhusiwa kumwandikia baba mkwe? Tukampigia Mama Lugano. Akafikiri, akauliza wenzake waliokuwa naye shambani, tukawasikia wakibishana na kucheka.

"Wanasema likijibu duka si kosa," alisema hatimaye. "Duka halijaolewa."

Dirisha likatobolewa. Bi Halima alilipaka rangi ya kijani, akaweka kibaraza cha kuzuia mvua. Ajabu ni kwamba tulilitoboa kwa ajili ya mzee mmoja, likaanza kutumiwa na kila mtu. Manesi walipita wakiwa na haraka ya zamu. Walimu wa Talatala waliagiza usiku, wakamtuma dereva wa bodaboda asubuhi. Wengine walichukua walichoagiza dirishani, wakachungulia ndani, wakavutwa na shelfu, wakaingia na kutoka na kingine. Tukuyu nao wakaomba la kwao. Bi Halima alianza kutembea akiimba.

Mwalimu alikaa kimya. Lugano alimfundisha kuperuzi, akarudi ananiambia hajawahi kuona mwanafunzi mbishi kama yule. Mama Lugano alisema mumewe anashinda kwenye kigogo nyuma ya nyumba, simu ameishika mbali na uso, anasoma kurasa za katikati kwa sauti na kuwagombeza waandishi. Lakini haagizi. Kila Jumatano na Jumamosi nilijikuta nikitazama barabara ya Busale. Nilianza kujiandaa moyoni. Nilimwambia Lugano asinilaumu, naye akanishika mkono chini ya kaunta.

Jumamosi moja mvua ilinyesha ile ya kwetu, inayofanya barabara kuwa mto. Hakukuwa na mteja. Bi Halima alikuwa anafunga vifurushi vya dirishani, Lugano anapanga maboksi, simu ya duka ikalia. Lugano akaichukua, akasoma, akakaa juu ya boksi. Kisha akaninyooshea.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Soma mwenyewe."

Nikasoma kwa sauti, maana Bi Halima alikuwa ameshasogea.

"'Duka la Mansuri, salamu. Nimesoma ukurasa wa katikati wa kile kitabu cha kilimo cha kakao. Mwandishi anaijua kakao, nukta na mkato havijui. Hata hivyo nakitaka. Mvua ikikatika mke wangu atakuja kukichukua dirishani. Kisiponipendeza kitarudi. Mahali pa kujaza jina la mteja nimepaacha wazi, msidhani nimesahau. Oda zenu husomwa na muuzaji wenu, na mke wa mtoto wangu haruhusiwi kulitaja jina langu.'"

Sikuweza kuendelea, na hata hivyo hapakuwa na zaidi. Nilikaa chini palepale sakafuni nyuma ya kaunta, nikalia kwa furaha bila aibu yoyote. Lugano akaja akachuchumaa mbele yangu, akanifuta machozi kwa karatasi ya kufungia vitabu, na yeye mwenyewe pua inamtiririka.

"Amesema mke wa mtoto wangu," aliniambia, kana kwamba sikuwa nimeisoma mimi.

Bi Halima alikuwa ameshakitoa kile kitabu cha kakao kwenye shelfu. Alikifunga vizuri, akapiga fundo maradufu, akachukua kalamu na kukohoa kidogo ili kuiweka sawa sauti yake.

"Haya, maharusi. Mteja hana jina. Hapa juu niandike nani?"

"Andika Baba Mkwe," nikasema.